Maji ya Mfano

Jumatatu, saa mbili kasoro dakika tano asubuhi, mchoraji ramani wa ofisi ya maji alilipiga teke dogo kabati la chuma, chini upande wa kulia, mahali ambapo kabati lenyewe lilikuwa limeshazoea kupigwa, nalo likafunguka. Akatoa ramani ya mifereji, akaitandaza juu ya meza mbili zilizounganishwa, na kuzikandamiza kona zake nne kwa stepla, kufuli bovu, koki ya shaba na kitabu cha mahudhurio. Saa mbili kamili maji yakaanza kupita kwenye mifereji iliyokaa mikavu miaka kumi na tisa.

Hakuna aliyekuwa ameyafungulia. Mlinzi wa banio, lile lango kubwa linalozuia maji ya mto, alikuwa bado nyumbani anatafuta kiatu cha pili.

Miaka hiyo kumi na tisa ilikuwa ya ukarabati. Ukarabati ulianza mchoraji akiwa darasa la tatu, ukamsubiri amalize shule, ukamwajiri. Saruji ililetwa, ikaganda ndani ya mifuko, mifuko ikawa viti vya mafundi. Mabomba yalilazwa, yakafukuliwa ili yapimwe, yakalazwa tena mahali pengine. Mhandisi mkuu, kila alipoulizwa kazi imefikia wapi, alijibu kwamba bado kidogo, na watu wakamwita hivyo hivyo, Bado Kidogo. Hakulichukia jina hilo. Alikuwa mtu mpole, mwepesi wa kucheka, na aliamini kwa moyo wake wote kwamba kilichobaki ni kidogo.

Kazi ya mchoraji ilikuwa kunakili ramani kila mwaka kwenye karatasi mpya. Mfereji unaokarabatiwa aliuchora kwa vidoti vyekundu, na unaopitisha maji kwa mstari wa buluu. Wino mwekundu uliagizwa kila baada ya miezi miwili. Chupa ya buluu ilikuwa ile ile ya tangu mwanzo. Basi Alhamisi iliyotangulia ikaja habari kwamba wageni wa makao makuu watafika Jumatatu kukagua mradi, na Bado Kidogo akamwomba mchoraji apitishe buluu juu ya nyekundu yote.

"Wageni hawapendi nyekundu," alisema. "Wanaona kama kuna mtu ameumia."

Mchoraji alipaka buluu siku mbili mfululizo, naye ana mafua. Katikati ya kazi alipiga chafya mbili, moja ndogo na moja ya heshima. Bado Kidogo alikuja kumtia moyo, akatua bilauri yake ya chai juu ya wino ambao haujakauka. Kisha akaikalia ramani akitafuta miwani, ikapata mkunjo katikati. Ijumaa jioni wino ukaisha kabisa, lakini wakati huo mifereji yote ilikuwa imeshakuwa buluu, kwa hiyo haikuonekana kuwa ni shida.

Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Mkondo ulikuwa umechorwa na kugongwa mhuri, nayo yakaufuata.

Chafya ndogo ilikuwa imeusogeza mstari kwa upana wa ukucha, karibu na duka la fundi cherehani. Kwa hiyo maji yalipofika hapo yalitoka mferejini, yakaingia dirishani, yakapita dukani kwa kimo cha kifua bila kudondosha hata tone, yakatokea mlangoni na kurudi mferejini. Fundi aliinamisha kichwa, akamalizia pindo alilokuwa analishona. Kufikia saa tatu alikuwa amegundua kwamba nguo ikitiwa upande wa dirishani hutokea mlangoni imeshafuliwa, akaandika hivyo kwa chaki kwenye ubao wa nje.

Chafya kubwa iliangukia sokoni. Pale mstari ulikuwa umeruka juu ya paa zote na kutua ng'ambo, na maji yakaruka vivyo hivyo, yakapita hewani yakiwa na samaki wake. Bata wa muuza mayai walipanda huko juu kabla ya saa nne. Akina mama wenye madumu walisimama juu ya meza za mboga na kuchota kwa kunyoosha mikono, kama wanaochuma matunda, huku wakiambiana nani ana mkono mrefu na nani alidanganya urefu wake alipokuwa anachumbiwa.

Bilauri ya chai iliacha duara juu ya uwanja wa shule. Maji yalizunguka hapo mara moja kamili kabla ya kuendelea na safari, yakiwa na rangi ya kahawia kwa mbali na ladha ya sukari. Wanafunzi waliingia ndani yake na mabegi yao, wakazungushwa, wakatolewa upande wa pili wanacheka hawajiwezi. Mwalimu mkuu aligundua kwamba maji hutoa kwanza walio wepesi na mwisho walio wazito, akaacha kupanga mstari kwa filimbi. Naye alizunguka mara moja wakati wa mapumziko, na miwani yake ikatoka kabla yake.

Na kwenye mkunjo, katikati ya mashamba, maji yaliingia kwenye ufa wa hewa, yakapotea kidogo, yakatokea upande wa pili yana uvuguvugu, kama kiti ambacho mtu ametoka kukikalia sasa hivi.

Saa kumi na nusu jioni mchoraji aliikunja ramani na kuirudisha kabatini. Maji nayo yalijikunja, kutoka chini kwenda juu, kwa sauti ya jamvi linalokunjwa, yakaenda kulala mahali yanapolala. Asubuhi yake saa mbili yalitandazwa tena. Jumamosi na Jumapili hayakutoka, na hakuna aliyelalamika, maana ofisi ni ofisi.

Wageni wa makao makuu walitembea siku nzima na kamba yao ya kupimia. Walizoea miradi ambayo ramani inasema hivi na ardhi inasema vile. Hapa ardhi ilikuwa imekubali kila kitu, mpaka chafya. Waliandika barua ya pongezi wakiwa wamekaa juu ya mifuko ya saruji, wakaondoka na nguo zilizofuliwa.

Maji yalifika kila mahali isipokuwa mkiani.

Mkiani ndiko mfereji mkuu ulikoishia, na huko familia arobaini na moja zililima, au zilikuwa na mahali pa kulima kama kungekuwa na maji. Maji yalifika mpaka kwenye daraja dogo la mbao, yakasimama. Hakukuwa na ukuta wala lango. Yalisimama tu, wima, kwa kimo cha goti, na samaki waliofika hapo waligeuza na kurudi. Hatua moja mbele, udongo ulikuwa mkavu mpaka unatoa sauti ukiukanyaga. Na hatua hiyo moja mbele ndipo shamba la shangazi lilipoanzia.

Shangazi ndiye aliyemlea mchoraji. Alimchukua akiwa na miaka mitano, akamlisha, akamvalisha na kuanza kumsomesha kwa vitunguu vya shamba hilo, enzi hizo maji yakija. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye mtaa wa tatu. Jumanne asubuhi aliingia ofisini amebeba mche mmoja wa kitunguu ndani ya kitambaa kibichi, akauweka juu ya meza kama mtu anayemlaza mtoto mgonjwa mbele ya daktari.

"Mwanangu," alisema, "maji yamefika mlangoni kwangu yamesimama, kama mgeni anayeogopa mbwa. Na mimi sina mbwa."

Mche ulikuwa umeanza kuinama. Alikuwa na miche elfu na mia kitaluni, nyuma ya jiko, ameikuza kwa maji ya kuoshea vyombo, akisuuza kila sahani mara mbili hata ikiwa safi ili miche ipate. Isingeweza kukaa kitaluni zaidi ya wiki mbili. Tena lilikuwepo jambo la kamati. Kwa kanuni ya chama cha wakulima wa mfereji, shamba lisilopandwa misimu mitatu mfululizo hurudi kwa chama, na huu ulikuwa msimu wa tatu tangu kanuni hiyo ipitishwe. Kamati ingepita kukagua Ijumaa ya wiki iliyofuata. Baada ya hapo angekuwa mwanamke mwenye miche elfu na mia na mahali pa kuipanda hana.

Mchoraji alimpakia shangazi yake kwenye baiskeli wakaenda kuangalia. Majirani walikuwa wameshajaribu kila njia. Ndoo iliyojazwa upande wa huku wa daraja ilikuwa tupu ikifika upande wa pili. Haikuvuja wala kumwagika, ilikuwa tu haina kitu. Bakuli vivyo hivyo. Sponji ilivuka imekauka kama imetoka dukani. Shangazi akasema wote hao hawajui kubeba, akainama, akajaza maji mdomoni, akavuka daraja mashavu yamevimba, mikono kiunoni, anatembea taratibu na jirani zake wote wanamfuata kama bibi harusi. Alipofika shambani alifungua mdomo juu ya udongo. Alikuwa na mate yake tu, nayo kidogo.

Mchoraji alicheka mpaka akakaa chini. Akiwa amekaa chini ndipo alipofungua nakala ndogo ya ramani aliyokuja nayo, akaufuata mfereji kwa kidole mpaka kwenye daraja, na kidole kikafika ukingoni mwa kisanduku. Akaacha kucheka.

Kila ramani ina kisanduku chake cha maelezo. Ndani yake huandikwa jina la mradi, mwaka, kipimo, maana ya alama na rangi, sahihi ya mhandisi na mhuri. Kwenye ramani hii kilikuwa kona ya chini kulia, vidole sita kwa vidole sita, na kidole kimoja cha ramani kilikuwa hatua hamsini ardhini. Chini ya kisanduku hicho zilikuwa familia arobaini na moja. Jirani wa kushoto alikuwa chini ya mhuri. Wale mapacha wawili wenye punda walikuwa chini ya sahihi ya Bado Kidogo, iliyokuwa ndefu. Shangazi alikuwa chini ya neno "maelezo".

Aliyechora ramani ya kwanza, miaka kumi na tisa iliyopita, alikiweka hapo kwa sababu kona ilionekana ina nafasi. Mchoraji alikuwa ameinakili mara sita. Mara sita alikuwa amempigia shangazi yake kisanduku kichwani, kwa rula, akihakikisha kona zimenyooka, na Jumapili akaenda kula kwake. Aliona aibu mpaka masikio yakawasha.

Alimweleza Bado Kidogo. Bado Kidogo alisikiliza vizuri, akakubali kwamba ni kweli, akauliza kisanduku kihamie wapi. Juu kulia kulikuwa na ofisi yenyewe. Chini kushoto kulikuwa na mji. Mchoraji akapendekeza karatasi kubwa zaidi, na Bado Kidogo akamwonyesha kabati: karatasi kubwa zaidi isingeingia. Ikabaki kona ya juu kushoto, lilipo shamba la mwenyekiti wa chama, lililo la kwanza kupata maji na ambalo, kwa sababu hiyo, lilikuwa kubwa.

"Jaribu," Bado Kidogo alisema. "Pengine hatakuwepo."

Jumatano asubuhi mchoraji alikikata kisanduku kwa wembe, akaziba pengo lililobaki kwa karatasi nyeupe, akakibandika kisanduku kwa gundi kona ya juu kushoto. Kwa kuwa wino wa buluu haukuwepo, alichora mifereji ya mkiani kwa penseli. Penseli ilileta unyevu tu. Lakini ulikuwa unyevu wa kweli, na watu wa mkiani walivua viatu wakasimama juu yake asubuhi yote, wakiwa na furaha isiyo na kiasi. Mmoja wa wale mapacha alilala kifudifudi akakataa kuamka.

Saa nne mwenyekiti aliingia ofisini. Maji yalikuwa yamesimama kwenye ua wake. Hakupandisha sauti. Aliomba kiti, akaomba maji ya kunywa, akaiangalia ramani kwa muda mrefu na kusema kazi ni safi.

"Mimi sina ugomvi na kisanduku," alisema. "Ramani bila kisanduku ni karatasi tu. Lakini kitu kama hiki kinataka mahali palipozoea."

Bado Kidogo alisema ni kweli, mahali palipozoea. Kabla ya saa sita kisanduku kilikuwa kimeagizwa kurudishwa, penseli ikafutwa, na pacha wa mkiani akaamka mwenyewe, maana udongo ulikuwa umekauka na ulianza kumchoma tumbo.

Mchoraji alikaa na kisanduku mkononi, kipande cha karatasi cha vidole sita kwa sita, na chupa ya gundi mbele yake. Alikuwa anakitazama kwa chuki kabisa ndipo alipokisoma. Alikuwa amekiandika mara sita bila kukisoma. Kwenye maana ya alama kulikuwa na mstari mfupi wa vidole viwili, na pembeni yake maneno: mfereji unaopitisha maji. Ulikuwa mstari wa mfano, wa kumwonyesha msomaji buluu inavyofanana. Na haukuwa buluu. Ijumaa ile wino ulikuwa umeisha kabla hajaufikia, ukabaki mweupe wenye kingo nyeusi.

Akamimina matone matatu ya maji ndani ya chupa tupu ya wino, akaitikisa, akapata buluu iliyofifia ya kutosha mstari mmoja. Akaupaka. Kisha, kabla ya kukibandika kisanduku, alipima mara tatu, na kukisogeza kidogo kuliko kilivyokuwa, upana wa uzi tu, ili mfano ule uangukie juu ya shamba la shangazi yake na si la mwingine. Alijua anachofanya. Jambo hilo ndilo lililomsumbua baadaye.

Shamba la shangazi lilikuwa na urefu wa hatua mia moja. Maji yalitokea katikati yake, hatua mia moja kamili, yamenyooka kama rula. Hayakutoka popote wala hayakwenda popote. Kwenye ncha zote mbili yalikuwa yamekatwa, kama kitambaa kilichokatwa kwa mkasi mzuri. Na kwa kuwa yalikuwa ya mfano, yalikuwa mazuri kuliko ya mfereji wenyewe: hayakuwa na tope, wala majani, wala chura, na yalipita kwa mwendo mmoja siku nzima. Yalilowesha udongo hatua chache kila upande, halafu basi. Ndoo iliyoyabeba kwenda shamba la jirani ilifika tupu, kama zile za darajani.

Shangazi aliingia ndani yake na nguo zake zote. Alitembea kutoka ncha moja hadi nyingine, akageuka, akarudi, akageuka tena, anaimba, na kila akifika mwisho anatoa mguu mmoja nje kuhakikisha kwamba mwisho bado upo. Mchoraji naye akaingia. Walirushiana maji kama watoto, shangazi akamshinda.

Ndipo mchoraji akamwambia ukweli, kwamba mstari ungeweza kuangukia kwa yeyote kati ya arobaini na moja, na kwamba yeye ndiye aliyekisogeza kisanduku. Shangazi alikamua pindo la nguo yake kwa muda.

"Ningekuwa jirani yako ningekuchukia," alisema. "Kwa kuwa ni shangazi yako, niletee jembe."

Walipanda siku mbili. Miche elfu na mia ilikaa kwenye mistari, ikainama, ikainuka. Majirani walikuja kuangalia. Walisema maji ni mazuri, walisema hongera, walisema haki ya Mungu hatuna kinyongo, na kweli walijitahidi. Yule wa chini ya mhuri alikaa kwenye mpaka wa shamba lake na la shangazi, ameweka vidole vya miguu kwenye udongo ulioloa, kiasi kilichoweza kufika.

Ijumaa ya wiki iliyofuata kamati ikaja: mwenyekiti, katibu wake mwenye fomu, na Bado Kidogo kama mtaalamu. Walipita shamba kwa shamba. Walifurahishwa sana na maji ya mfano. Mwenyekiti alinawa uso, Bado Kidogo alipima mwendo wake kwa kijiti na kusema ni ule ule wa vitabuni. Kisha katibu akamuuliza shangazi, mbele ya watu wote, kama maji yamefika mkiani.

"Hapa yamefika," shangazi akajibu, kwa ile sauti yake. "Kwa hawa arobaini hayajafika."

Fomu ilikuwa na nafasi ya neno moja. Katibu aliandika: Yamefika.

Kwa hiyo ikawa kwamba maji yamefika mkiani na watu arobaini hawakupanda. Kanuni ilikuwa wazi. Mashamba arobaini yalirudi kwa chama, yatunzwe mpaka ukarabati utakapokamilika. Mwenyekiti aliwapa pole mmoja mmoja, kwa kuwashika mkono, na hakuna aliyepiga kelele. Mmoja wa mapacha alimuuliza Bado Kidogo ukarabati utakamilika lini, akajibiwa.

Kamati ilipoondoka shangazi alisimama katikati ya vitunguu vyake. Vilikuwa vimeshika, vina kijani kile kinachomfanya mkulima apite shambani hata asipokuwa na kazi. Akainama, akaanza kung'oa. Mchoraji alimuuliza anafanya nini, naye akamwambia ahesabu hatua badala ya kuuliza. Hatua mia moja, kingo mbili, mia mbili. Kila familia ikapata hatua tano za ukingo. Shangazi alibaki na kipande kwenye ncha ya mwisho, pale maji yalipokatwa, nje kidogo ya hesabu, penye vitunguu vya familia moja isiyo na wageni.

Wiki hiyo mkiani kulikuwa na kelele za ajabu. Watu arobaini na mmoja, na wake zao, na waume zao, na punda, walilima mahali pa mtu mmoja, mgongo kwa mgongo, wakikanyagana na kuombana radhi. Majembe yaligongana. Mbegu ya mmoja iliota kwa mwingine, na badala ya kesi wakalishana. Aliyekuwa chini ya mhuri alipanda maboga, na maboga hayajui mipaka. Wale mapacha walikuwa na hatua tano kati yao, wakawa wanalima kwa zamu, mmoja akilima mwingine akimsifia. Saa kumi na nusu maji yakijikunja walipiga makofi.

Mwisho wa mwaka ukafika, na mchoraji akaanza nakala mpya. Bado Kidogo alikuja na barua ya makao makuu, akiwa amejawa na furaha. Wageni walikuwa wamependa kila kitu. Waliomba jambo moja tu: kwamba mradi sasa una mifereji ya aina mpya, ule wa dirishani, ule wa hewani, ule wa duara na ule wa mkunjo, na kila aina ielezwe kwenye kisanduku, pamoja na mstari wake wa mfano. Maelezo yakiongezeka, kisanduku nacho lazima kiongezeke. Bado Kidogo alikuwa ameshapima. Vidole vinne kwenda juu, vinne kwenda kushoto, na kila mfano uwe kidole kimoja, ili yote ienee.

Mchoraji aliuliza kama kisanduku hakiwezi kwenda kwingine. Bado Kidogo alimtazama kwa huruma ya kweli.

"Pale pameshazoea," alisema.

Mchoraji akapiga mistari kwa rula. Kona zikanyooka. Kisha akaipaka buluu mifano yote mitano kwa wino mpya, na kila mmoja akauzidisha kidole kwa upana wa unywele, kiasi ambacho asingeweza kukitetea mbele ya mtu mwenye miwani.

Jumatatu, saa mbili kamili, familia nyingine sabini na mbili ziliona maji yakisimama wima mbele ya mashamba yao. Walijaribu ndoo. Walijaribu sponji. Mzee mmoja alijaribu mdomo. Kufikia mchana walikuwa wameshika njia kwenda chini, na miche yao ndani ya vitambaa vibichi, mpaka walipofika mkiani na kukuta maji ya aina tano, kila aina kipande chake: kimoja kimenyooka, kimoja kinapita kwenye dirisha lisilo na nyumba, kimoja duara dogo lenye ladha ya sukari, kimoja kinaingia hewani na kutoka kina uvuguvugu, na kimoja juu kabisa, kikiwa na samaki na bata mmoja aliyejisahau. Chini ya hicho cha juu alisimama shangazi, jembe begani, shingo imelowa, amezungukwa na maboga.

Mwanamke wa mbele aliuliza kama hapa ndipo mkiani.

"Ndipo," shangazi alisema. "Karibuni mfanoni. Sogeeni, tutaenea."

Yule mwanamke akauliza watakaa hapo kwa muda gani. Shangazi aliangalia ncha ya maji, pale yalipokatwa, akasogeza boga moja kwa mguu.

"Wewe panda kwanza," alisema.

Wakapanda, mgongo kwa mgongo, na duara likawazungusha walioteleza. Saa kumi na nusu maji yakajikunja, watu wakapiga makofi, na kila mmoja akabeba jembe lake akaenda nyumbani.